Mrejesho: Kazi ya kipaumbele cha juu iliyokuwa ikikosa makataa

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kazi ya kusoma kihisi cha shinikizo, yenye kipaumbele cha juu kuliko zote katika kidhibiti cha pampu ninachokifanyia utafiti wa uzamili hapa Nairobi, hukosa makataa yake mara mojamoja.

Nilishuku mzigo. Kazi zangu tatu huchukua milisekunde 10 kila 40, 20 kila 60 na 30 kila 120, yaani takriban asilimia 83 ya prosesa, ilhali kikomo cha Liu na Layland cha mwaka 1973, yaani kiwango cha mzigo ambacho usipokivuka makataa yote hutimizwa kwa hakika, kwa kazi tatu ni asilimia 78. Mlinikumbusha kwamba kukivuka kikomo hicho si ushahidi wa kushindwa, nami nilipokokotoa muda wa mwitikio (tangu kazi iitwe hadi imalizike) kwa kalamu na karatasi, kazi ya tatu ilimalizika kwenye milisekunde ya 100, kabla ya makataa yake ya 120.

Kosa lilikuwa kwenye kufuli, yaani kizuizi kinachoruhusu kazi moja tu kwa wakati kutumia kitu cha pamoja. Kazi ya chini hulishika kwa milisekunde 15, ya kati huikatiza kwa 20, na ya juu, inayolihitaji kufuli hilohilo, husubiri zote mbili: 15, 20 na 10 zake ni 45, kuzidi makataa yake ya 40. Hitilafu ya aina hiyohiyo ilikiwashawasha upya chombo cha Mars Pathfinder kilichotua Mirihi mwaka 1997, na dawa ni ileile, kurithisha kipaumbele: kazi ya chini inayoshika kufuli hupewa kwa muda kipaumbele cha ile ya juu inayolisubiri, ili ya kati isiikatize. Nimeiwasha, sasa kusubiri hakuzidi 15, na tangu wiki iliyopita sijaona makataa hata moja yakikosekana. Nawashukuru kwa dhati, hasa aliyesisitiza nichore mstari wa wakati.