Chama cha wenye nyumba kinataka tufyeke bustani ya mbele. Sheria ya Maryland inasemaje?

Baba Asha (Maryland, Marekani):
Wakuu, salaam. Tunaishi katika mtaa unaosimamiwa na chama cha wenye nyumba, yaani umoja wa wamiliki wa nyumba za mtaa unaoweka masharti na kutoza faini. Mwaka juzi mimi na mke wangu tuling'oa karibu nusu ya nyasi za mbele, tukapanda mimea ya asili ya huku: Rudbeckia, ua la njano lenye kitovu cheusi ambalo ndilo ua rasmi la jimbo hili tangu mwaka 1918, pamoja na Asclepias, mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa, ambao viwavi wa kipepeo monaki hawali mwingine wowote. Agosti iliyopita nilihesabu viwavi 11 kwenye shina moja, wenye milia myeusi, myeupe na ya njano, wakitafuna majani hadi yakabaki vijiti.

Juma lililopita tumeletewa barua inayotupa siku 15 kuondoa "magugu" na kurudisha nyasi, la sivyo tutatozwa faini. Mke wangu anaona tufyeke yaishe, kwa sababu majirani wawili wameacha kutusalimia. Kwetu Kilimanjaro migomba huanzia mlangoni, na babu yangu hakuwahi kuandikiwa barua na mtu. Je, chama kina uwezo huo?

Mama Neema:
Baba Asha, msifyeke kitu kwanza. Tangu Oktoba 2021 Maryland ina sheria inayokizuia chama kuweka masharti yasiyo ya busara dhidi ya bustani za namna hiyo, zikiwemo za kuvutia wachavushaji, yaani nyuki, vipepeo na wengineo, na za kukusanya maji ya mvua. Miongoni mwa masharti yanayohesabiwa kuwa si ya busara ni lile la kumlazimisha mtu apande nyasi za kukatwa, iwe ni eneo lote au sehemu tu. Kwa hiyo dai la "rudisheni nyasi" ndilo sehemu dhaifu kabisa ya barua mliyoletewa.

Sheria hiyo ilizaliwa na mgogoro unaofanana na wenu. Wenzi wawili wa mji wa Columbia, humu humu Maryland, walibishana na chama chao kwa miaka kadhaa, wakakishtaki, na mwisho wa mwaka 2020 wakapatana nacho: bustani ikabaki kwa sehemu kubwa, wao wakaondoa mimea iliyokaribia mpaka wa jirani. Mbunge wa eneo lao akaupeleka muswada bungeni mwaka uliofuata.

Mjumbe wa kamati:
Nimekaa kwenye kamati ya mtaa wetu miaka mitatu, naomba nitetee upande usiopendwa. Mlipotia saini mkataba wa kununua nyumba mlikubali masharti ya mtaa, na jirani yako naye alinunua akiyategemea. Vilevile sheria aliyoitaja Mama Neema inamlinda mwenye bustani anayeitunza mara kwa mara, na inakiachia chama nafasi ya kuweka miongozo ya busara kuhusu aina, idadi na mahali pa mimea. Anayeacha kiwanja kijiotee kisha akakiita makazi ya vipepeo hana kinga.

Malalamiko mengi niliyoyapokea, kusema kweli, hayakuhusu maua. Yalihusu mimea iliyolalia njia ya waenda kwa miguu, au mashina makavu ya majira ya baridi ambayo mpita njia anadhani ni uzembe.

Kijana wa Houston:
Shikamoo Baba Asha. Wengine wasomao hapa waangalie majimbo yao, kwa maana sheria hazilingani. Huku Texas chama hakiruhusiwi kupiga marufuku mimea inayostahimili ukame, lakini kinaweza kukutaka uwasilishe mchoro na kupata idhini kabla ya kupanda. Minnesota, sheria ya mwaka 2023 inaibana halmashauri ya mji iruhusu bustani za namna hii, haikigusi chama cha wenye nyumba.

Kuhusu majirani, Joan Nassauer, msomi wa usanifu wa mandhari, alieleza tangu miaka ya 1990 kwamba watu huvumilia mimea ya porini ikiwa wanaona alama za mkono wa binadamu. Mimi nilikata ukanda wa nyasi wa futi mbili kuzunguka bustani, nikapanga mawe pembeni, nikasogeza mimea mirefu karibu na ukuta. Mimea ni ileile, na jirani aliyekuwa akininunia ameniomba mbegu.

Mama Neema:
Mjumbe amesema kweli kuhusu utunzaji. Baba Asha, mjibu kwa maandishi kabla siku 15 hazijaisha, muombe kusikilizwa mbele ya kamati, muambatanishe picha zenye tarehe na orodha ya mimea kwa majina yake ya kisayansi, kwa kuwa neno "magugu" hupoteza nguvu pale kila shina linapokuwa na jina.

Baba Asha:
Ahsanteni sana. Jioni hii tumetoka na futi kamba: Rudbeckia zimeingia njiani inchi 14, kwa hiyo hapo Mjumbe ametushika. Jumamosi tunazirudisha nyuma na kukata ukanda. Barua ya kuomba kusikilizwa anaiandika mke wangu, ambaye tangu asome majibu haya ameacha kabisa habari ya kufyeka na sasa anatafuta jina la kisayansi la ule mmea wa zambarau ulioota wenyewe karibu na sanduku la barua.