Naomba ushauri: kushona kibofu cha mbwa chenye ukuta mnene

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Nipo Moshi, ni daktari wa mifugo, ila siku hizi mbwa naona wameanza kuwazidi ng'ombe.

Nina mbwa jike wa miaka 6, kilo 14. Wiki ya tatu sasa anachuchumaa muda mrefu halafu yanatoka matone tu, mekundu. Antibiotiki ilikata damu siku nne, ikarudi. Eksirei imeonyesha mawe mawili, moja kama kokwa ya tende, na kwenye ultrasaundi ukuta wa kibofu umenenepa. Mwenyewe ameshakubali apasuliwe.

Kutoa mawe hakunipi shida, kufunga ndiko kunaninyima usingizi. Chuoni tulifundishwa safu mbili za mshono, ya pili ikikunja ukuta kwa ndani. Ukuta mnene hivi haukunjiki. Mwaka jana nililazimisha kwa mbwa mwingine, nikabana nafasi ya kibofu, akawa anakojoa kila saa. Safari hii nafikiria safu moja ya mfululizo, sindano ishike vizuri tabaka lililo chini ya utando wa ndani bila uzi kutokeza kwenye mkojo, kisha nijaze maji ya chumvi nione kama panavuja.

Waliowahi kufanya hivyo kwenye ukuta mnene, safu moja ilitosha?

Na uzi: nina Vicryl 3-0 tu (uzi unaoyeyuka wenyewe mwilini), na mkojo wenye maambukizi huudhoofisha mapema. Nitumie huohuo, au nisubiri PDS (nao huyeyuka, ila polepole zaidi) kutoka Dar maadamu mkojo bado unapita? Uzi wa hariri msinitajie, inaalika mawe mengine.