Ungo mpya wa sentimita 90, nusu ya chaneli hazishiki. Nifunge busta?

Bati_Jekundu: Wakuu, habari za leo. Nimekwama, naombeni ushauri. Ungo wangu wa sentimita 60 ulikuwa unapoteza picha kila mvua ikikaza. Nimeweka wa sentimita 90, LNB mpya (kile kichwa cha kupokelea mbele ya ungo) ya masafa ya Ku na waya mpya. Sasa kuna chaneli zinashika vizuri, ubora 75, na nyingine zinaonyesha nguvu 88 lakini ubora sifuri. Ungo wa zamani nimeshaushusha. Nifunge busta?

Nyuzi27: Kutoka 60 kwenda 90 eneo la ungo linaongezeka mara 2.25, yaani kama desibeli 3.5. Hiyo ndiyo itakayokusaidia kwenye mvua. Ila ungo mkubwa unaona sehemu nyembamba zaidi ya anga: wa 60 unaona upana wa karibu nyuzi 3, wa 90 karibu 2. Legeza nati kidogo tu, sogeza milimita moja moja, kisha subiri sekunde chache king'amuzi kisome. Wengi wanausukuma haraka na kuipita setilaiti bila kujua.

Dada_Konekta: Angalia pia mzunguko wa LNB kwenye kishikio chake. Ikikaa upande, V (mawimbi ya wima) na H (ya mlalo) zinaingiliana na ubora unashuka.

Shaba_Tupu: Ubora 75 hauji kwenye ungo uliopotea, na LNB iliyokaa upande ingepunguza ubora wa zote. Mkuu, fungua orodha ya masafa. Zinazokosekana ni V au H? Na kati ya LNB na king'amuzi kuna nini? Taja kila kitu.

Bati_Jekundu: Zote ni H, na zote ziko juu ya 11.7 GHz kama zile zinazoshika. Waya ni RG6, urefu wa kawaida tu.

Shaba_Tupu: "Kawaida" ni mita ngapi? Na hujajibu kuhusu katikati.

Bati_Jekundu: Mita 55. Katikati kuna splita ndogo ya kugawa waya mara mbili, maana nimeongeza king'amuzi cha pili chumbani kwa mama. Sidhani kama ndiyo shida, muuzaji alisema inafaa kwa dishi. Halafu waya umeshapita ukutani na plasta imekauka, sibomoi. Na busta nimeshailipia, si bora niijaribu kwanza?

Mzee_Paa: Vijana mnanunua kwanza, mnauliza baadaye. Kifaa hununuliwa baada ya kipimo.

Shaba_Tupu: Busta iweke pembeni. RG6 ya mita 55 inapoteza kama desibeli 11 kwenye 1 GHz na 16 hivi kwenye 2 GHz. LNB yenyewe inakuza desibeli 50 hadi 60, kwa hiyo mawimbi yanatosha. Busta inakuza kelele pamoja na picha, na haichagui V wala H.

Anayechagua ni king'amuzi, kwa umeme kinaoupandisha kwenye waya huohuo: volti 13 ni V, volti 18 ni H. Toni ya kilohezi 22 ndiyo inayoihamishia LNB kwenye masafa ya juu ya 11.7 GHz. LNB ya tokeo moja, yaani yenye tundu moja la waya, inatii amri moja tu kwa wakati. Splita nyingi zinapitisha umeme kwenye tundu moja pekee, lililoandikwa au kuchorewa mstari. Mama akiwa kwenye tundu hilo, yeye ndiye anayeamrisha. Akiwa kwenye V, wewe ukitafuta H utaona nguvu, kwa sababu LNB inafanya kazi, ila ubora utakuwa sifuri.

Bati_Jekundu: Labda ndiyo maana jioni H zinarudi zenyewe.

Jicho_Kali: Ngoja kwanza. Mwanzoni hazishiki, sasa jioni zinarudi? King'amuzi cha pili kimetokea katikati ya uzi, na busta imetajwa karibu kila mara. Huu uzi umetungwa ili watu waulize busta inauzwa wapi.

Mzee_Paa: Hata mimi nimeanza kushuku.

Dada_Konekta: Muuza busta asingeuacha uzi unaoikataa busta. Na hilo la jioni ni mtu akibadilisha chaneli chumba cha pili, si rahisi kulitunga. Bati, chomoa king'amuzi cha mama kwenye umeme kabisa, usikizime kwa rimoti tu, maana baadhi huendelea kulisha LNB. Chako kikipoteza zote, V na H, jibu umelipata.

Bati_Jekundu: Sijatunga, wakuu. Nimechomoa, zote zimekufa. Nikahamishia waya wangu kwenye tundu lenye mstari: H zangu zimerudi, lakini nikiwa kwenye H, V za mama zinapotea. Naona niache hivyo, niwe namuuliza kwanza.

Shaba_Tupu: Usimfanye mama aombe ruhusa ya kuangalia taarifa ya habari. Nunua LNB ya matokeo mawili, kila king'amuzi kipate waya wake, splita itoke. Waya wa ukutani uache ulipo. Wa pili upitishe nje chini ya paa, uwe mweusi wa kuvumilia jua, kiini shaba tupu. Kiini cha chuma kilichopakwa shaba kina ukinzani mkubwa, na kwenye waya mrefu wenye kiungo kibovu volti 18 inaweza kufika imeshuka mno, H zikapotea tena.

Dada_Konekta: Kwenye konekta, kiini kichomoze milimita 2 hivi nje ya ukingo. Kagua nyuzi za wavu unaozunguka kiini: hata mmoja ukigusa kiini ni shoti. Tumia za kubana kwa koleo, za kusokota kwa mkono huingiza maji. Waya usiukunje kona kali, na uuache uning'inie kidogo chini ya konekta ili maji yadondoke kabla ya kuifikia.

Bati_Jekundu: Na ving'amuzi viwili haviwezi kutumia waya mmoja?

Shaba_Tupu: Vinaweza kwa LNB ya Unicable, iwapo vyote viwili vina mpangilio huo kwenye menyu. Angalia kabla ya kununua. Kabla ya kufungua LNB ya sasa, chora alama ya kalamu kwenye shingo yake na kishikio ili mpya ikae pembe ileile, na uchomoe ving'amuzi vyote viwili kwenye umeme kwanza.