Hisa za kampuni ndogo ya ujenzi: bei chini, gawio nono, hela imejaa benki. Mtego uko wapi?

mchumia_juani
Habari zenu wakuu. Kuna kampuni moja ndogo ya ujenzi iko sokoni, jina silitaji nisije nikaambiwa nimekuja kuipigia debe. Inajenga shule, maghala na vibarabara vya ndani ndani. Wiki nzima hii nikitoka kazini nakaa na ripoti yao ya mwaka. Bei ya hisa ni mara 4 tu ya faida ya mwaka kwa kila hisa, gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) ni asilimia 9 ya bei, hela iliyoko benki peke yake inazidi nusu ya thamani ya kampuni nzima sokoni, mkopo wa maana hamna na wanasema wana kazi zilizosainiwa za miaka miwili mbele. Yaani ni kama mtu anauza nyumba na kabatini kasahau bahasha ya hela. Sasa kinachonikosesha usingizi ni hicho hicho, kama ni tamu hivi mbona watu hawaigombanii? Nafikiria kuweka robo ya akiba yangu. Wenye uzoefu semeni.

mkadiriaji_mstaafu
Robo ya akiba? Tulia kwanza mkuu. Mimi nimepima kazi saiti miaka mingi, nimeandaa vyeti vya malipo (karatasi za kuthibitisha kazi iliyofanyika ili mkandarasi alipwe) mpaka macho yakaanza kuuma, so naomba nikuulize, hiyo hela benki ni ya nani?

Mkandarasi akisaini kazi mara nyingi anapewa malipo ya awali, halafu yanakatwa kidogo kidogo kwenye kila cheti. Saruji na nondo anakopa kwa muuzaji analipa baada ya siku 60, wakandarasi wadogo chini yake nao wanazungushwa. Kwa hiyo kazi mpya zikiwa zinaingia akaunti inanona, zikipungua inakonda ghafla kwa sababu wa jana bado wanadai na wa leo hajaleta kitu. Nenda kwenye mizania (jedwali la mali na madeni ya kampuni) upande wa madeni, tafuta malipo yaliyopokelewa kabla ya kazi na wanaoidai kampuni, toa yote hayo kwenye hela ya benki halafu uniambie bahasha imebaki na ngapi.

La pili ni hiyo faida. Faida ya ujenzi ni makadirio, watu hawalijui hili. Chukua kazi ya 100. Ofisini wamepiga hesabu itakula 95. Mwaka unaisha wameshatumia 57, ambayo ni asilimia 60 ya 95, basi vitabuni wanaandika mapato 60 na faida 3. Hiyo 95 kaisema nani? Wao wenyewe. Mwaka unaofuata wanachimba msingi wanakutana na mwamba, nondo nazo zimepanda na mkataba ni wa bei isiyobadilika, makadirio yanakuwa 104. Hapo hawasubiri kazi iishe, hasara yote ya 4 inaandikwa palepale na ile faida 3 ya mwaka jana inafutwa, maana yake kazi moja imekula 7 ndani ya mwaka mmoja. Na ukikumbuka wakandarasi wengi wanabaki na asilimia 2 au 3 tu ya mauzo, utaona kazi moja mbaya inavyomeza faida ya kazi kadhaa nzuri. "Mara 4 ya faida" ni mara 4 ya makisio ya mtu aliyekaa ofisini.

gawio_kila_mwaka
Mzee umemtisha kijana wa watu bure 😂 mimi nina hisa za mkandarasi mdogo mwaka wa sita huu na sijajuta. Siri yangu ni kuangalia ukubwa wa kazi zenyewe. Wangu anafanya vikazi vidogo vidogo na ukarabati, hakuna kazi hata moja inayozidi kama asilimia 10 ya mauzo, na wakurugenzi wenyewe wameshikilia hisa nyingi so wakiharibu wanalia na sisi. Hizo hesabu zako ni kweli ila zinawaua zaidi wanaokimbilia mradi mkubwa ili wapigwe picha.

mkadiriaji_mstaafu
Hapo sikupingi. Ila gawio lisimlevye. Carillion, kampuni ya ujenzi ya Uingereza, haikuwa ndogo, na gawio lao lilikuwa linapanda mwaka hadi mwaka. Mwisho wa 2016 ripoti ilionyesha deni la kama pauni milioni 219, kumbe wastani wa mwaka ulikuwa kama milioni 587. Tarehe ya kufunga hesabu ndiyo siku mkandarasi anayovaa suti, wateja wamehimizwa walipe na wauzaji wameambiwa wangoje wiki ijayo. Julai 2017 wakatangaza kufuta vitabuni pauni milioni 845 za thamani ya mikataba yao, hisa ikaanguka karibu asilimia 39 siku hiyo hiyo, Januari 2018 kampuni ikafilisiwa. Kwa hiyo kijana waulize wastani wa hela kila mwisho wa mwezi, usiulize ya Desemba.

dada_wa_hisa
Naongeza moja tu maana iliniuma. Kampuni ndogo kununua ni rahisi, kuuza ndo kasheshe. Mimi ilitoka taarifa mbaya asubuhi, nikampigia broka wangu uza, akaniambia dada nimuuzie nani? Siku tatu hamna mnunuzi, ya nne akatokea mtu anataka kwa nusu ya bei na kiasi kidogo tu. Kabla hujaweka robo ya akiba angalia kwa siku zinauzwa hisa ngapi.

mchumia_juani
Nimerudi wakuu. Nimetoa kama mzee alivyosema na bahasha imebaki na vichenji. Halafu nimekuta kitu kingine kwenye maelezo ya nyuma ya ripoti, kazi iliyofanyika lakini haijakatiwa ankara imekaribia mara mbili ya mwaka jana wakati mauzo yamepanda kidogo sana. Hii ni mbaya au kawaida?

mkadiriaji_mstaafu
Inategemea, ila mimi ningekaa macho. Mara nyingi ni kazi ya nyongeza ambayo mteja hajaikubali, wao wameshaihesabu kama hela. Angalia pia retenshen, ile asilimia 5 au 10 inayoshikiliwa kwenye kila cheti, nusu hutoka wakikabidhi jengo na nusu baada ya kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 12. Kama kuna za majengo yaliyokabidhiwa zamani na bado zinahesabika, jua kuna ugomvi mahali.

mchumia_juani
Sawa mzee wangu, shikamoo kabisa. Nimewaandikia imeili nikauliza wastani wa hela kila mwezi, hiyo kazi isiyo na ankara ni ya nani, na mteja mkubwa kashika asilimia ngapi ya kazi zilizosainiwa. Sinunui kitu mpaka wajibu.

gawio_kila_mwaka
Wakijibu weka hapa hapa tafadhali. Shule, maghala, asilimia 9... naanza kuhisi hiyo kampuni ndo yangu 😅