Folda tupu, hakuna kosa: huu mstari mmoja wa fstab mnaougawa kila siku umenipotezea siku 19

Wakuu, nimekuja na hasira zangu na sitazificha. Kwa siku 19 nakala za kazi zangu zote zilikuwa zinaandikwa pasipostahili na kompyuta haikusema neno. Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu, hakuna chochote. Chanzo ni ule mstari wa fstab (faili ambamo Linux inasoma diski na folda za kuunganisha) anaopewa kila anayeuliza afanyeje folda ya kwenye seva ijimaunti (ijiunganishe) yenyewe akiwasha Linux. Nakili, bandika, hifadhi, washa upya, basi. Yanayotokea siku seva isipoitika, hamuandiki.

Iko hivi. Nina seva ndogo ya kuhifadhia faili. Kila saa nane usiku skripti yangu ya rsync (programu ya kunakili faili) inapeleka kazi ya siku hiyo kwenye /mnt/nakala, ambayo ni folda ya seva kwa njia ya NFS (itifaki ya kushiriki folda kwenye mtandao). Siku moja umeme ulikatika, ukarudi. Kompyuta ikawaka haraka, ila seva ina diski nne za kuzunguka, ikachelewa kuamka. Kompyuta ikaita, haikujibiwa, na kwa kuwa niliweka nofail (yaani "ikishindikana, endelea tu kuwaka") kama nilivyoelekezwa, ikaendelea kuwaka kana kwamba mambo ni shwari. Haikujaribu tena! Mstari wa kawaida wa fstab ukishashindwa wakati wa kuwasha, hakuna anayerudi kuujaribu, hata seva iamke dakika mbili baadaye.

Basi /mnt/nakala ikabaki folda ya kawaida, tupu, ndani ya diski yangu mwenyewe. rsync haijui tofauti. Ikaona folda, ikaanza kumwaga mafaili humo, kwenye diski ile ile ambayo nakala zinapaswa kuniokoa nayo siku ikifa. Na kila usiku ikamaliza bila kosa. Ningeibiwa laptop wiki ile, kazi na nakala zake vingeondoka pamoja.

Niligundua diski ilipojaa. Nikaandika mount -a (amri ya kumaunti yote yaliyo kwenye fstab), folda ya seva ikaingia mara moja bila ubishi, nikatazama tarehe za mafaili. La mwisho lilikuwa na siku 19. Jasho lilinitoka.

Halafu ikaja jioni ya kutafuta kilichojaza diski. df, inayopima diski nzima, inasema zimetumika GB 231. du -x, inayojumlisha mafaili inayoyaona, inahesabu GB 94. GB 137 haziko popote. Nikapita folda moja baada ya nyingine, nikafuta kumbukumbu za mfumo, nikafuta kerneli za zamani, wapi. Kumbe zilikuwa chini ya folda ya seva. Ukimaunti folda ya mtandao juu ya folda yenye vitu, vile vya chini havifutiki ila havionekani tena. Nilipoandika umount /mnt/nakala zikajitokeza zote, GB 137, zimekaa pale pale nilipokuwa nimezifunika kwa mkono wangu.

Na msiniambie "toa nofail". Huko nimeshapita, kwenye laptop ya dada yangu. Bila nofail, skrini ya kuingilia haiji mpaka folda za mtandao zipatikane au zishindwe. Nenosiri la Wi-Fi yake limehifadhiwa ndani ya akaunti yake, halifunguki mpaka aingie. Tazameni mduara huo: kuingia kunasubiri folda, folda inasubiri mtandao, mtandao unasubiri yeye aingie. NFS inang'ang'ania kujaribu, systemd (inayowasha huduma zote za Linux) inahesabu sekunde 90 ndipo ikate tamaa. Kila asubuhi! Alifikiri laptop imekufa. Kwa hiyo mnatupa vitu viwili tuchague: kompyuta inayoganda, au funika kombe mwanaharamu apite.

Wa CIFS (folda za mtandao za mtindo wa Windows, kwa itifaki ya SMB) nao wanaumizwa kwa namna yao. Kosa namba 112 linakwambia seva iko chini, wakati unaiping na inajibu. Mara nyingi seva ni nzima, ila pande mbili hazijakubaliana toleo la SMB. Tangu kerneli 4.13 ya mwaka 2017, Linux haianzi tena na SMB1, na vifaa vya zamani visivyojua lugha nyingine vikaachwa nje. Na ushauri unaotolewa ni upi? "Weka vers=1.0," yaani SMB1. Jamani! Udhaifu wa SMB1 kwenye Windows ndio WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ilioutumia kusambaa Mei 2017. Mtu kaja kuomba msaada wa folda, mnamrudisha kwenye itifaki ambayo Microsoft wenyewe wanasema iachwe, tena bila hata kumwambia kuna hatari. Na mwingine anamwambia aandike nenosiri la seva ndani ya fstab, faili ambalo kila akaunti kwenye kompyuta hiyo inaweza kulisoma. Kuna chaguo la credentials= kwa kazi hiyo hiyo: faili la pembeni, mmiliki root, chmod 600. Ni mistari miwili, lakini hamuiandiki.

Sasa nilichoweka ni hiki:

seva:/nakala /mnt/nakala nfs nofail,x-systemd.automount,x-systemd.mount-timeout=15 0 0

Halafu, ili mstari mpya usomwe, systemctl daemon-reload, na systemctl restart remote-fs.target.

Hilo x-systemd.automount ndilo lilipaswa kuwa kwenye kila jibu. Kompyuta inawaka bila kugusa seva kabisa. Folda inamauntiwa pale mtu au programu inapoifungua kwa mara ya kwanza, na wakati huo Wi-Fi imeshaunganika. Lililo kubwa kwangu: seva isipokuwepo, anayeifungua anapata kosa, hapewi folda tupu. Jana nilichomoa waya wa seva makusudi nikaendesha skripti. Ikakataa, ikatoka na kosa, diski haikuongezeka hata baiti moja.

Nyongeza, kwa ambao mtabaki na njia ya zamani: folda ikiwa haijamauntiwa, na ikiwa tupu, pigeni sudo chattr +i /mnt/nakala. Kwenye ext4 hata root hawezi kuandika humo mpaka folda ya seva ikae juu yake. Ningelijua hili mwanzoni, rsync ingekataa usiku wa kwanza kabisa na mimi nisingekuwa hapa naandika.

Mnaotoa majibu, rudini mkayarekebishe yale ya zamani. Bado watu wanayafikia kila siku na kunakili kama yalivyo.

Na nina swali, naomba anijibu aliyelifanya, siyo anayekisia. Kwa sasa ili nijue kuna folda imeshindwa lazima nikumbuke mwenyewe kuandika systemctl --failed. Nataka kosa hilo linijie kwenye skrini mimi mtumiaji wa kawaida, muda ule ule linapotokea, bila mimi kwenda kulitafuta. Unit ya .mount (faili la systemd la kumaunti folda) inayotengenezwa kutoka fstab naifungaje na OnFailure= (cha kuendesha ikishindwa) ili initumie ujumbe, na ujumbe huo unafikaje kwenye desktop yangu wakati huduma inaendeshwa na root? Wekeni faili zenu hapa kama zilivyo.