Naomba ushauri: njia ya kwenda msituni imezibwa kwa geti

Wakuu, habari zenu. Kijiji chetu kipo Lushoto, kinapakana na msitu wa hifadhi. Kuna njia ya miguu tuliyoikuta, na wazee nao waliikuta. Marehemu babu alikuwa akisema ilikuwepo tangu enzi za Mjerumani, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Ndiyo tunayopita kwenda chemchemi na kwenye makaburi ya ukoo.

Mwaka jana mtu kanunua shamba la pembeni, kaweka geti na mlinzi. Mama yangu, miaka sabini na kitu, anazunguka karibu saa nzima na ndoo kichwani. Jamaa mwenyewe si mkorofi, salamu anaitika vizuri tu, ila ukigusia njia anatoa karatasi ya mauziano.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Je, njia ya asili inaingia humo hata kama haijaandikwa popote? Tuanzie baraza la ardhi la kijiji, au twende la kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu?

Pia, kuna aliyewahi kutafuta ramani za Wajerumani pale Nyaraka za Taifa, Dar? Utaratibu ukoje?

Wazee wanaoikumbuka njia wamebaki watatu, mmoja hasikii vizuri. Niwapeleke kwa wakili wakaape, au nikiwarekodi kwa simu inatosha?