Gia ndogo ya plastiki imeua kichwa cha treni cha pauni 165, na hakuna anayeuza gia hiyo

Wakuu, salaam. Mnaofuatilia ujenzi wangu wa Kahe mlikuwa mnasubiri picha za bodi ya 88. Picha hazipo. Nina hasira ya wiki nzima na leo naitoa hapa yote, kwa hiyo mnivumilie, uzi ni mrefu.

Kwa wageni: naishi Manchester, na huku darini najenga mfano mdogo wa stesheni ya Kahe, pale reli ya Tanga–Moshi inapoungana na ile inayotoka Voi kupitia Taveta, iliyojengwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Skeli yangu ni 1:87. MGR yetu, yaani ile reli ya zamani, ina upana wa mita moja. Gawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, ndiyo maana tunatumia njia ya milimita 12. Kichwa cha treni cha Tanzania cha skeli hiyo sijawahi kukikuta dukani popote. Tunachofanya ni kununua dizeli ya Ulaya ya TT, yaani 1:120, kwa sababu reli ya milimita 1,435 ukiigawa kwa 120 nayo inakupa milimita 12 zile zile. Unavua bodi ya kiwandani, unavika yako. Yangu ni 88, zile dizeli zilizotengenezwa Montreal, Canada, ambazo aliyekulia kando ya reli anazitambua kwa mlio kabla hazijatokea.

Kazi hii naifanya asubuhi nikitoka zamu ya usiku, kabla ya kulala. Reli za dukani zinakuja na mataruma ya mbao, na ya kwetu ni ya chuma, kwa hiyo nimekata mataruma moja moja, nikayakunja kingo, nikayapaka rangi ya kutu. Ardhi nyekundu nimeipata kwa kusaga vipande vya vigae vya udongo kwenye kinu na kuchekecha vumbi lake kwa soksi nyepesi ya kike. Unalimwaga, unalinyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu unadondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kwa bomba la sindano, polepole, mpaka iingie bila kuacha mashimo. Swichi za reli zote zimeshafungwa mota zake, na waya wote nimeulehemu na kuuandika lebo. Kilichobaki kilikuwa treni. Mwezi ujao klabu yetu ina maonyesho, na kwa mara ya kwanza watu wa hapa wangeona kipande cha Kilimanjaro kikitembea.

Sasa sikilizeni.

Dizeli niliyoinunua kwa ajili ya 88 ilikuwa inatembea vizuri. Bodi yangu haijakauka rangi, iko mezani, kwa hiyo muda wote kichwa kimekimbia na bodi yake ya kiwandani. Siku moja nikasikia tik. Halafu tik, tik, tik, mara moja kila gurudumu linapozunguka. Baadaye kikaanza kuchechemea, kikifika kwenye kona kinasita kama kimeguswa na mkono. Nikakigeuza, nikafungua kifuniko cha chini cha bogi, yaani fremu inayoshika magurudumu, nikaweka kioo cha kukuzia. Gia ya ekseli ya kati imepasuka katikati ya meno mawili, kuanzia tunduni mpaka nje. Ule ufa umeyatenganisha meno hayo, nafasi imekuwa kubwa kuliko inavyotakiwa, na gia ya juu yake kila ikifika pale inaruka. Nikaangalia ekseli nyingine. Mbili zina ufa mwembamba kama unywele, bado hazijaachia, lakini zitaachia.

Sababu ipo wazi kwa mtu yeyote mwenye vernia, kile kifaa cha kupimia unene wa vitu vidogo. Ekseli ni chuma cha milimita 2.0. Gia ambayo bado nzima, nilipoitoa, tundu lake lilikuwa 1.9. Kiwandani wameisukuma kwa nguvu iingie, plastiki ikakaa imevutwa tangu siku ya kwanza, na plastiki iliyovutwa hivyo, ikizeeka kidogo na kupitia baridi na joto la darini, inapasuka. Hicho ni kipimo kibaya kilichotoka kwa mchoraji wao.

Nikaliandikia duka. Sikuomba hela wala kichwa kipya. Niliomba gia tatu. Nikaambatanisha picha, vipimo, risiti. Jibu likaja: waranti ya mtengenezaji ni miezi 12 na imeshapita, hatuna vipuri vya modeli hii, pole. Nikawaambia waranti ni ya mtengenezaji, mimi nimenunua kwenu. Sheria ya haki za mlaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inamwajibisha muuzaji, na hapa Uingereza mteja anaweza kudai hadi miaka 6. Ukishapita miezi 6 ya mwanzo mzigo wa kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwepo tangu mwanzo unakuwa wa mnunuzi, hilo nalijua, na ndiyo maana nimewapelekea vipimo vya vernia vikionyesha tundu dogo kuliko ekseli. Uthibitisho gani zaidi ya huo?

Jibu la pili ndilo lililonipandisha presha. Wanasema kwa kuwa nimekifungua kichwa, haki yangu imekwisha.

Wakuu, kijitabu chao wenyewe kilichokuja ndani ya boksi kina mchoro unaoonyesha jinsi ya kutoa bodi na kifuniko cha chini, na mshale unaoelekeza tone la mafuta liwekwe wapi kwenye gia hizo hizo. Wameniagiza nifungue! Nimefungua kwa bisibisi waliyoitaja, nimetia mafuta waliyoyataja, halafu wananiambia kufungua ni kosa. Mtu anayenunua treni ndogo na asiifungue maisha yake yote hajatia mafuta, na asiyetia mafuta mota yake itaungua, na hapo wangemwambia hukutunza.

Nikaenda kwa wakala wa mtengenezaji. Huko nimejibiwa kwa adabu, na adabu hiyo haina gia ndani yake. Kwamba toleo lile lilitengenezwa mara moja tu, vipuri havikuagizwa, lakini toleo jipya linakuja na ninaweza kuliweka oda mapema. Toleo jipya lina namba nyingine ubavuni na bei ya juu zaidi. Nikauliza kama gia zimebadilishwa. Mpaka naandika hapa hawajajibu swali hilo, na nimelirudia.

Najua biashara hii inavyokwenda, msinieleze. Modeli nyingi zinatengenezwa China kwa mafungu. Fungu likiisha, mstari wa kiwanda unahamia modeli nyingine, labda ya kampuni nyingine kabisa, na kalibu zinawekwa stoo. Sawa. Lakini kalibu ya gia inatoa gia nyingi kwa sekunde chache. Siku ile ile mashine inapokimbia, kuongeza mfuko mmoja wa gia kwa ajili ya vipuri ni gharama ya kiasi gani kwa kampuni inayouza kichwa kimoja kwa pauni 165? Hawafanyi kwa sababu hakuna anayewalazimisha. Tangu Julai 2021 hapa Uingereza watengenezaji wa mashine za kufulia, friji na televisheni wamewekewa kanuni za kuhakikisha vipuri vinapatikana kwa miaka 7 au 10. Treni ndogo haimo. Kwa hiyo mashine ya kufulia nina haki ya kuitengeneza, lakini kichwa cha treni nilichokipigia hesabu kwa miezi nakiweka kabatini kiwe pambo.

Na wasiniambie eti vitu vidogo haviwezi kutengenezeka. Klabuni kwetu kuna mzee ana vichwa vya Tri-ang, kampuni ya zamani ya treni ndogo ya Uingereza, vya miaka ya 1950 na 1960, vile vyenye mota ya X04. Kila kitu ndani ya mota ile kinatoka: brashi za kaboni, springi yake, ekseli yenye skrubu ya kuzungushia gia, vyote. Watu wadogo wadogo bado wanauza brashi na springi hizo leo. Mzee anabadilisha brashi akiwa anaongea na wewe, anakiweka njiani, kinaondoka. Kichwa kile kina umri mkubwa kuliko mimi. Cha kwangu kimekufa kabla rangi ya bodi haijakauka.

Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi nikiwa Manchester. Gorton ipo hapa hapa. Pale ndipo Beyer, Peacock walipotengeneza Garratt zetu 34 za daraja la 59 katikati ya miaka ya 1950, injini zenye nguvu kuliko zote za mvuke duniani kwenye reli ya mita moja, kila moja ikiwa na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kiwanda kilifungwa mwaka 1966. Injini hazikufa nacho. Ziliendelea kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi ndani ya miaka ya 1970, kwa sababu mafundi wa karakana ya Nairobi walikuwa wanazifungua na kuzifunga, na kisichokuwepo wanakichonga. Mbili zipo makumbusho ya reli Nairobi hadi leo, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na milima yote miwili iko Tanzania, Shengena ikiwa huko huko Upareni, ambako reli yangu ya Kahe inapita chini yake ikielekea Tanga. Watu waliolea mashine ya tani 250 bila kiwanda chake, halafu mimi naambiwa gia ya milimita tano na nusu haiwezekani!

Nenda Moshi mjini na Boxer iliyokatika gia. Fundi atakuuliza unataka orijino au ya kawaida, na kabla ya saa saba mchana uko barabarani. Hakuna atakayekuambia ununue pikipiki mpya kwa sababu namba ubavuni imebadilika.

Kuna watakaokuja hapa kusema nitie gundi. Plastiki hii haishiki gundi, nimejaribu supaglu na epoksi, inashika dakika mbili halafu meno yanaachia yakiwa na mzigo. Wengine watasema ni treni tu, mtu mzima ana mambo ya maana zaidi. Hao nawaomba wapite tu, kuna nyuzi nyingine nyingi. Mimi hii ndiyo sehemu ya siku yangu ninayoisubiri nikiwa zamu saa tisa usiku, na hela niliyolipa ni halali kama ya mtu mwingine yeyote.

Na kwa wale waliowahi kuniandikia kwamba wameanza na wao, yule wa Dar anayejenga Ruvu na ndugu wa Mombasa wa daraja la Makupa: msilipe oda ya mapema kwa kichwa chochote kabla ya kuuliza kwa maandishi kama gia na mota vinauzwa peke yake. Wakikujibu kwa maneno matamu yasiyo na namba ya kipuri, jibu ni hapana. Chukua hela yako nenda kwingine, au nunua cha zamani kinachofunguka. Huku kwa cha zamani nako angalia chesisi kabla ya kulipa, maana aloi ya zinki iliyoingiwa na madini ya risasi kiwandani inavimba na kupasuka yenyewe, na hiyo haina dawa.

Sasa ninachotaka. Duka wana barua yangu ya pili, rasmi, yenye siku 14 za kujibu, na imetaja sheria kwa jina na mwaka. Zikiisha naenda mahakama ya madai madogo, fomu nimeshaijaza. Sifuati pauni 165. Nataka mtu aandike kwenye karatasi kwamba gia ile ilikuwa na kasoro tangu kiwandani, ili mwenye kichwa kama changu naye apate pa kushika.

Wakati huo, mwenye dizeli ya TT yenye bogi za ekseli tatu, iwe ya duka lolote, igeuze leo. Fungua kifuniko cha chini, zungusha magurudumu kwa kidole, na tazama kila gia kwa kioo, hasa kati ya meno. Ukiona ufa, piga picha uiweke hapa pamoja na mwaka ulionunua. Tukiwa wengi hawatasema ni mimi niliyefungua vibaya.

Na kama kuna anayemjua fundi wa mashine ya kuchongea gia, popote alipo, vipimo ni hivi: moduli 0.4, meno 12, kipenyo cha nje milimita 5.6, tundu 2.0 kamili, siyo 1.9. Brasi au nailoni, vyote sawa. Nahitaji sita, na nitalipa kabla hajaanza kazi.